Shajara ya Mradi: Kubadili Valvu za Amplifaya Ndogo ya Gitaa, Kirumba, Mwanza

Mashine yenyewe ni amplifaya ya gitaa ya wati 4 hadi 5 iliyojengwa kwa mchoro wa Fender Champ 5F1 wa miaka ya 1950. Ina valvu tatu, yaani chupa za kioo zisizo na hewa ambazo umeme hupita ndani yake: 12AX7 ya kukuza sauti mwanzoni, 6V6GT ya kusukuma spika, na 5Y3GT ya kugeuza AC kuwa DC. Spika ni moja ya inchi 8, omu 4. Transfoma ya umeme ina ncha mbili za kuingizia, 220 na 240. Inapigiwa kwenye kumbi za ufukweni, usiku, taa zikiwa zinawaka.

Malalamiko ya bendi: sauti inafifia baada ya nyimbo mbili tatu, inakwaruza, halafu fyuzi inakatika. 6V6 ilishawahi kubadilishwa na mpya haikudumu. Kwa hiyo kazi haikuanza kwa kuchomeka valvu nyingine. 6V6 iliyokaa kwenye mashine nzima hufanya kazi miaka. Ikifa mapema, kuna kitu ndani ya boksi kinachoiua, na kitaiua pia ile utakayoagiza kwa hela nyingi.

Jumatatu: kufungua na kumaliza umeme uliobaki

Plagi imetolewa ukutani kabisa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana waya wa moto bado unafika kwenye swichi na kwenye fyuzi. Spika imeachwa imeunganishwa. Valvu zimesubiriwa zipoe; kioo cha 6V6 na cha 5Y3 kinaunguza vidole muda mrefu baada ya kuzimwa.

Ndani ya chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba vipuri, kuna kapasita (vipuri vinavyotunza chaji) za kuchuja umeme. Hizo hubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa mezani. Kifaa cha kuzimaliza ni rahisi: rezista ya kilo-omu 10, wati 5, yenye waya wa klipu kila upande, na viungo vyote vimevikwa mpira wa kuhami. Klipu ya kwanza inabana chasisi. Ya pili, ukiwa umeshika sehemu yenye mpira tu, inagusa pini 8 ya soketi ya 5Y3, ambako kapasita ya kwanza inaungana. Hesabu hadi sekunde 10, kisha pima kwa mita. Zikiwa chini ya volti 5, endelea na kapasita ya pili na ya tatu. Baada ya hapo klipu inabaki imebana pini 8 muda wote wa kulehemu, kwa sababu kapasita ya aina hii hujirudishia volti kidogo kidogo ikiachwa wazi.

Kuna mafundi wanaomaliza umeme huo kwa kugusisha bisibisi kwenye chasisi. Cheche ile hutoboa ncha ya kapasita, na mkono ukiruka unaweza kutua pabaya zaidi. Rezista ya wati 5 inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya redio mjini. Hakuna sababu ya kutumia bisibisi.

Yaliyoonekana kwa macho:

Fyuzi iliyokuwemo ni ya ampea 5. Mashine hii inakula wati 35 hivi, yaani chini ya ampea 0.2 kwenye umeme wa volti 230. Fyuzi yake ni miliampea 500, ile inayochelewa kukatika. Ikiwekwa ya ampea 5, transfoma ndiyo inayogeuka fyuzi, na transfoma ya namna hii Mwanza huipati dukani.

Waya wa umeme ni wa nyuzi mbili, hauna ethi. Umetolewa wote. Umewekwa wa nyuzi tatu, na ule wa kijani na njano umebanwa kwenye chasisi kwa nati yake peke yake, haushirikiani na skrubu ya transfoma. Waya wa ethi umeachwa mrefu kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu wa moto uchomoke kwanza na wa ethi uwe wa mwisho. Plagi ya pini tatu imetiwa fyuzi ya ampea 3 badala ya 13 iliyokuja nayo. Mita kati ya pini ya ethi na chasisi inasoma omu 0.2.

Kisha wadudu. Chini ya soketi ya 6V6 kulikuwa na tabaka la vile vijidudu vya ziwani, vinavyokuja kama wingu la moshi na kufuata taa. Vimekauka, vimesagika, vimechanganyika na vumbi, na vimejaa katikati ya pini 2 na pini 3. Kwenye 6V6, pini 3 ni anodi, yaani bati linalopokea mkondo ndani ya valvu, yenye zaidi ya volti 300. Pini 2 jirani yake ni hita, waya wa kuipasha valvu joto, ambayo iko karibu na sifuri. Uchafu ule ukipata unyevu wa ziwa usiku unapitisha umeme. Ulipofutwa kwa mswaki na spiriti ulitokea mstari mweusi unaong'aa kidogo, mwembamba kama unywele, umechimba bakelaiti (plastiki ngumu ya soketi) kutoka pini hadi pini. Hayo ni makaa. Hayasafishiki: ukiyakwangua unaongeza mengine, na cheche itafuata njia ile ile. Soketi nzima imetolewa, imewekwa ya kauri.

Jumanne: valvu za zamani

Namna ya kuzitoa: shika kitako cheusi, usishike kioo. Tikisa kidogo kwa kuzungusha huku ukivuta moja kwa moja. Kwenye 6V6 na 5Y3, kile kijiti cha katikati chenye ukingo ndicho kinachoelekeza pini. Kikiwa kimevunjika valvu itaingia upande wowote, na ikiingia vibaya volti za anodi zinaweza kutua kwenye hita. Valvu yenye kijiti kilichovunjika haitumiki hapa. 12AX7 haina kijiti. Ina pini tisa na nafasi moja pana, na pini zake hupinda kirahisi. Zinyooshe kwa koleo lenye mdomo mwembamba, polepole, maana ufa ukianzia kwenye mzizi wa pini hewa inaingia.

6V6: ile doa ya fedha juu ya kioo bado ipo, imezungukwa na ukingo wa kahawia. Ingekuwa nyeupe kama maziwa maana yake hewa imeingia na valvu imekwisha. Lakini bati la anodi lina baka la kijivu lililofifia upande mmoja, alama ya chuma kilichowahi kuwa chekundu kwa joto. Hii ilikuwa inapitisha mkondo kupita kiasi. Haitarudi kwenye kazi.

5Y3: kioo kina chembe nyeusi ndani, na ukiitikisa kuna kitu kinacheza. Inabadilishwa.

12AX7: haina kasoro ya kuonekana. Inabaki mezani kwa sasa.

Jumatano: nani aliyeiua 6V6

Kazi ya leo imefanywa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo kanuni kwanza. Waya mweusi wa mita unabanwa kwenye chasisi kwa klipu, kisha unapima kwa mkono mmoja tu; mwingine unakaa mfukoni. Viatu vya mpira, sakafu kavu, na mtu mwingine yupo chumbani anayejua swichi kuu iko wapi. Mita iwe ya volti 600 au zaidi na waya zake ziwe nene. Zile mita ndogo za njano za bei rahisi zinafaa kwa betri. Waya zake hatuziamini kwenye volti 350.

Valvu za zamani zikiwa zimerudishwa kwa ajili ya kupima tu, mashine inawashwa kupitia balbu ya zamani ya waya, wati 40, iliyofungwa kwenye mstari wa moto. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na mashine inabaki salama. Kukiwa hakuna, inawaka kidogo na volti za ndani zinapungua. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii hata kidogo.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni pini 5 ya 6V6, yaani gridi, sehemu inayoongoza mkondo wa valvu. Inatakiwa kusoma volti sifuri za DC. Ilisoma 3.1, na hiyo ni kupitia balbu. Volti hizo zinaweza kutoka kwenye valvu yenyewe ikiwa ina gesi, au kwenye kapasita inayoleta sauti kutoka 12AX7. Namna ya kutenganisha: zima, maliza umeme, toa 6V6, washa tena, pima. Zikipotea, mkosaji ni valvu. Hapa zilibaki, kwa hiyo ni kapasita.

Kapasita hiyo, mikrofaradi 0.02, kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC. Ikivuja, gridi inapanda, 6V6 inafunguka zaidi ya ilivyopangiwa, na anodi inapata moto. Ndiyo maana sauti ilikuwa nzuri mashine ikiwa ya baridi na kuharibika baadaye, kwa sababu kapasita inayovuja huvuja zaidi ikipata joto. Kila 6V6 mpya ingepitia njia hiyo hiyo.

Onyo kwa atakayerudia kipimo hiki bila balbu: 6V6 ikiwa nje na 5Y3 ikiwa ndani, hakuna anayekula mkondo, na volti kuu za DC zinaweza kupita 450 zilizoandikwa kwenye kapasita za kuchuja. Usiiache hivyo muda mrefu kuliko unaohitaji kusoma mita.

Alhamisi: vipuri vilivyobadilishwa

Kapasita ya sauti: mikrofaradi 0.022, volti 630, ya filamu. Haina upande wa chanya wala hasi.

Kapasita za kuchuja: ya kwanza mikrofaradi 16 ya volti 475, mbili zinazofuata mikrofaradi 10 za volti 500. Hizi zina chanya na hasi, ukigeuza zinapasuka. Watu hupenda kuongeza ya kwanza hadi 47 au 100 ili kupunguza mvumo, ule muungurumo wa umeme kwenye spika. Kwa 5Y3 usizidishe 20. Kapasita kubwa inavuta mkondo mkubwa kwa mikupuo kila nusu ya mzunguko wa umeme, na 5Y3 inaanza kupiga cheche ndani ya kioo. Mvumo utafutiwe dawa mahali pengine, na tutafika huko.

Kapasita ya kathodi ya 6V6: ya zamani ilikuwa mikrofaradi 25, volti 25. Imewekwa 22 ya volti 50. Kathodi, sehemu ya valvu inayotoa mkondo kwenda anodi, kwa kawaida ina volti 18 hadi 20, lakini valvu ikipata shoti zinaruka zaidi ya 25 na kapasita inapasuka. Ya volti 50 inavumilia hadi fyuzi ikatike.

Rezista ya kathodi, omu 470 wati 5, inapima 468. Imebaki.

Ijumaa: umeme unaoingia

Hiki ndicho mafundi wengi hukiruka. 5Y3 imeachwa nje ili kusiwe na volti kubwa za DC. 12AX7 na 6V6 za zamani zimerudishwa ili hita ziwe na mzigo. Ukutani volti 241. Kwenye hita, volti 7.0 za AC. Hita ya 6V6 imepangiwa 6.3, na mpaka wake ni asilimia 10 kila upande, yaani 5.7 hadi 6.9. Tumepita.

Sababu: waya wa transfoma ulikuwa kwenye ncha ya 220. Umeme wa hapa kwa maandishi ni 230. Kwa mita yetu ulipanda hadi 241 mchana na kushuka hadi 207 jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Ncha ya 220 na umeme wa 241 maana yake kila volti ndani ya mashine imezidi kwa karibu asilimia 10, za hita na za anodi pia.

Waya umehamishiwa ncha ya 240. Hilo linatibu mchana lakini linaumiza jioni: kwa 207 hita zingepata 5.4, na kathodi isiyopata joto la kutosha huchakaa inapolazimishwa kutoa mkondo. Kwa hiyo mashine itatumika na stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Ndogo kabisa ya VA 500 inatosha na kubaki, kwa mzigo wa wati 35. Inatoa 228 hadi 234. Hita sasa ni 6.1.

Stabilaiza za rilei hubadilisha volti kwa hatua, na kila hatua unaisikia kwenye spika kama mkwaruzo wa kiberiti. Kwa mazoezi haina shida. Kwa kurekodi, tafuta ile ya mota.

Tahadhari ya kupima hita ya 5Y3: ni volti 5 tu kati ya pini 2 na 8, lakini waya zote mbili zimekaa juu ya volti kuu za DC. Ukigusa mojawapo na chasisi umegusa 330. Hatukuipima mashine ikiwa kamili. Tuliipima na 5Y3 nje, ambapo haina hatari hiyo.

Jumamosi: valvu mpya

Zimeagizwa nje ya nchi: 6V6 mbili, 5Y3 moja, 12AX7 moja. Mashine ina 6V6 moja, kwa hiyo hakuna haja ya kulipia jozi iliyopimwa ikalingana. Ya pili ni akiba, kwa sababu nauli ya mzigo ni ile ile. Usikubali kubadilishiwa kwa 6L6 kwa kuwa pini zinafanana. Hita yake inakula ampea 0.9, na ya 6V6 ni 0.45, transfoma ndogo kama hii itachemka. Kwa 5Y3 pia, 5U4 inaingia kwenye soketi lakini hita yake ni ampea 3 badala ya 2. Na zipo 5Y3 za siku hizi zinazopoteza volti chache kuliko za zamani, hivyo volti za anodi hupanda hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Hiyo nayo ni sababu ya kupima baada ya kuchomeka.

Meno ya soketi ya 5Y3 yalikuwa yamelegea. Yamekazwa kwa sindano nene, umeme ukiwa umemalizwa, na 5Y3 sasa inaingia kwa kubana. Alama za vidole kwenye kioo hazidhuru. Kitambaa kikavu kinatosha.

Utaratibu wa kuwasha: valvu zote ndani, spika au rezista ya mahali pake imeunganishwa, sauti sifuri, balbu ya wati 40 kwenye mstari. Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika au rezista mahali pake. Transfoma ya kutolea sauti hupata volti kubwa mno na kuungua ndani. Sisi tulitumia rezista mbili za omu 8.2, wati 10, zimefungwa sambamba kutoa omu 4.1. Balbu iliwaka, ikafifia, ikatulia. Hakuna harufu, hakuna wekundu kwenye anodi chumba kikiwa na giza. Mwanga wa bluu kwenye kioo cha 6V6 ni wa kawaida. Wa zambarau au waridi unaojaza nafasi ya katikati ni gesi. Kisha balbu ikatolewa.

Vipimo, stabilaiza ikisoma 231:

Kapasita ya kwanza: volti 331.
Anodi ya 6V6, pini 3: 322.
Gridi, pini 5: 0.
Kathodi, pini 8: 18.1.

Hesabu: 18.1 gawanya kwa 470 ni miliampea 38.5. Toa 2.2 hivi za gridi ya skrini, yaani gridi ya pili ndani ya valvu, anodi inabaki na 36.3. Volti kati ya anodi na kathodi ni 304. Zidisha: wati 11. Karatasi za zamani za 6V6GT zinaruhusu 12. Kwa ncha ya 220 na umeme wa 241, volti kuu zingefika 377 na anodi ingebeba wati 14 hivi, hata kapasita ikiwa nzima. Kwa hiyo rezista ya 470 haikuhitaji kuongezwa. Kilichohitajika ni waya mmoja kuhama.

Sauti: toni ya hezi 400 kutoka kwenye simu, hadi pale inapoanza kukwaruza, ilitoa volti 4.2 kwenye omu 4.1. Ni wati 4.3. Ndiyo nguvu halali ya mashine hii.

12AX7 mpya iligongwa taratibu kwa penseli ya mbao, ikalia kama kengele kwenye spika. Ya zamani iligongwa ikatoa tu kishindo kidogo. Ndani ya boksi moja na spika, ile inayolia itaanza kupiga yowe yenyewe sauti ikipandishwa. Ya zamani imerudi kazini, pini zikiwa zimesafishwa. Valvu ndogo za mwanzo hudumu sana. Kubadili nzima kwa sababu tu umefungua boksi ni kupoteza hela.

Mvumo: milivolti 9 kwenye spika. Upande mmoja wa hita ulikuwa umefungwa kwenye chasisi. Umefunguliwa, rezista mbili za omu 100, nusu wati, zimetoka kila upande wa hita kwenda chasisi, na waya za hita zimesokotwa pamoja na kulazwa pembeni mwa chasisi, mbali na gridi. Sasa ni milivolti 3. Bila kuongeza kapasita yoyote.

Jumapili: wadudu, na kinachobaki

Mgongo wa boksi umewekwa wavu wa waya wa madirishani, ule wa alumini, umeunganishwa na chasisi. Wavu wa nailoni haufai karibu na joto la 5Y3. Unapunguza hewa kidogo, kwa hiyo uko sentimita 6 kutoka kwenye kioo, na mashine isisukumwe hadi ukutani. Baada ya kila msimu wa wadudu wavu unafunguliwa na soketi zinapigwa brashi kavu, plagi ikiwa nje na kapasita zimemalizwa kama siku ya kwanza.

Kwenye safari ya feri au pikipiki, 6V6 na 5Y3 zinasafiri zimefungwa kwenye sponji, nje ya mashine, zikiwa zimepoa.

Karatasi imebandikwa ndani ya boksi: fyuzi miliampea 500, ncha 240, pini 5 volti 0, pini 8 volti 18.1. Mpiga gitaa ameelekezwa kwamba sauti ikififia au anodi ikianza wekundu azime papo hapo, asisubiri wimbo uishe. Kipimo kitarudiwa baada ya mwezi wa kazi. Pini 8 ikiwa imepita 20 na stabilaiza bado inasoma 231, tunarudi kwenye pini 5 kabla ya kugusa 6V6 ya akiba.